Haidroponiki: kazi imetajwa kwenye jina lenyewe

Wakulima wengi wa mjini wameuziwa haidroponiki, yaani kilimo cha majini bila udongo, kama kilimo cha kupumzika: hakuna jembe wala palizi, mboga zinajilea majini. Jina lenyewe linasema vingine. Linatokana na maneno mawili ya Kigiriki, hydro, yaani maji, na ponos, yaani kazi, tena kazi ya kutoa jasho. William Gericke wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alilitangaza mwaka 1937 baada ya kupendekezewa na mwenzake, W. A. Setchell. Kabla ya hapo alitumia jina ambalo tayari lilihusu ufugaji wa viumbe vya majini. Kigezo kilikuwepo tangu kale: kilimo cha udongo kiliitwa geoponika, kazi ya ardhi.

Udongo hufanya mengi tusiyoyaona. Unatunza madini, unapitisha hewa, na bakteria wake wanaigeuza yurea iwe chakula ambacho mmea unakitumia vizuri. Ukiuondoa, mzigo wote ni wako. Kwa hiyo usimimine yurea kwenye ndoo ya mimea. Mbolea ya CAN nayo ina chokaa isiyoyeyuka, itakuachia tope. Tumia mbolea za kuyeyuka, na nitrati ya kalsiamu ikae kwenye chombo chake peke yake. Ikikutana na chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesiamu) zote zikiwa bado nzito, hazijapunguzwa kwa maji mengi, maji yanakuwa meupe kama tui na madini yanatuama chini. Jaza tangi maji kwanza, mimina moja, koroga, ndipo umimine ya pili.

Pima pH, yaani kiwango cha uchachu wa maji, mara kwa mara, ibaki kati ya 5.5 na 6.5. Funika chombo mwanga usipenye, la sivyo utalima mwani.

Kinachoua mimea mingi zaidi, kwa nionavyo, ni mizizi kukosa hewa. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, kwa hiyo weka tangi kivulini. Pampu ndogo ya tangi la samaki inatosha kwa ndoo chache. Kama huna umeme, panda saladi na uache nafasi ya hewa juu ya maji kadiri yanavyopungua; usijaze tena hadi juu. Mizizi ikiwa ya kahawia, yenye utelezi na harufu, imeshaoza.

Mwaka 1938 Hoagland na Arnon, wa chuo hichohicho, walionyesha kwamba mavuno ya majini hayapiti yale ya udongo mzuri. Mwenye shamba lenye rutuba na maji ya uhakika alime hukohuko. Ndoo ni za mwenye baraza la saruji.