Kabla ya Kukanyaga Cherehani: Mambo ya Kuzingatia Ili Uzi Usitatane

Uzi ukitatana chini ya kitambaa, wengi hukimbilia boksi la bobini (kile kidude kidogo kinachobeba uzi wa chini) na kuanza kukaza skrubu yake. Ni kuionea bobini bure. Mara nyingi fundo lile unalolikuta chini ni la uzi wa juu. Ukitaka kuhakikisha, weka uzi mwekundu juu na mweupe kwenye bobini, kisha tazama rangi ya fundo.

Sababu yake iko wazi. Sindano ikishuka, shato (chuma chenye ncha kinachozunguka chini, penye bobini) hunasa kitanzi cha uzi wa juu na kukizungusha kwenye bobini. Halafu kile kikono kinachopanda na kushuka mbele ya cherehani hukivuta kitanzi kirudi juu, mshono ukakaza. Uzi wa juu usipobanwa popote, au ukiwa umekiruka kikono, vitanzi hubaki chini vikirundikana hadi mashine inakwama na kitenge cha mteja kimemezwa.

Kwa hiyo anza na njia ya uzi wa juu, na uanze kwa kuinua mguu unaokandamiza kitambaa. Ukiinua mguu, vile visahani viwili vya tensheni, vinavyoubana uzi wa juu, huachana, uzi ukapata nafasi ya kuingia katikati. Ukiupitisha mguu ukiwa chini, uzi hubaki ukingoni mwa visahani, na kwa macho utadhani umekaa sawa. Ukimaliza kupitisha, shusha mguu na uvute uzi taratibu: lazima uhisi unakataa. Ukija kwa ulaini uleule wa mguu ulipokuwa juu, toa uzi wote na uupitishe upya kuanzia kwenye kigurudumu ulikozungushwa. Jaribio hili halichukui hata dakika, na kama ungekuwa na muda wa kukagua kitu kimoja tu, ningekuomba ukague hiki.

Kisha sindano. Ina mfereji mrefu upande mmoja, na uzi huingilia upande wa mfereji huo. Kwenye cherehani nyeusi za kukanyaga, za aina ya Butterfly na nyingi za Singer za zamani, uzi huingia kwa pembeni, si kutoka mbele kwenda nyuma, jambo linalowatatiza waliojifunzia mashine za umeme. Upande bapa wa shina uelekee kwenye shato, na sindano isukumwe juu hadi igote kabla ya kukaza skrubu. Kwa khanga, kitenge na vitambaa vya sare za shule, namba 14 (kwenye pakiti utaona 90/14) inafaa. Kitambaa chepesi kitake 11, cha jinzi 16. Sindano iliyotumika saa 8 hivi imeshachoka, hata kama haijavunjika. Iliyopinda au kubutuka hurusha mishono na kuacha vitanzi vikining'inia. Bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na mita moja ya kitambaa kilichoharibika.

Bobini nayo ijazwe kwa mwendo mmoja, uzi ukipita kwenye kibanio chake, na isijazwe hadi pomoni. Ukiirudisha na boksi lake, sukuma hadi lilie “ka”.

Ondoa shato na utazame pale lilipokaa. Vumbi la pamba hushikana na mafuta likawa zito kama kipande cha blanketi, na ndani yake mara nyingi kuna vipande vya uzi uliokatika siku za nyuma. Kipande kimoja cha urefu wa ukucha kinatosha kuuzuia uzi mpya usizunguke. Safisha kwa brashi, tia tone moja la mafuta ya cherehani (ya kupikia huganda, tafadhali usiyatie), halafu shona kitambaa chakavu kwanza ili mafuta ya ziada yaishie hapo.

Sasa pedali. Vuta ncha zote mbili za uzi, sentimita 10 hivi, uzilaze nyuma ya mguu na kuzishika kwa mishono miwili mitatu ya mwanzo. Kikono kiwe juu kabisa unapoanza na unapomaliza. Shusha mguu, kuusahau juu ni sawa na kushona bila tensheni. Zungusha gurudumu la juu kwa mkono kuja upande wako ndipo ukanyage, kwa sababu pedali ikirudi nyuma hata nusu mzunguko, uzi hujifunga hapohapo. Anayejifunza atoe uzi, ainue mguu wa mashine na akanyage tupu mpaka miguu yake izoee mwendo wa upande mmoja.

Tensheni iguswe mwisho, baada ya haya yote. Rudi kwenye zile rangi mbili, ushone juu ya kipande cha kitambaa kilekile utakachotumia, kikiwa kimekunjwa mara mbili. Nyeupe ya bobini ikichungulia juu, legeza tensheni ya juu kidogo. Nyekundu ikilala chini kama mstari ulionyooka, kaza tensheni hiyo. Geuza nati ya visahani robo mzunguko tu kila mara, shona tena, utazame pande zote mbili.