Kimeng'enya? Soma tarakimu ya kwanza

Mnaojiandaa na mtihani wa baiolojia, msikariri majina ya vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia) kama kasuku. Kila kimoja kina namba ya EC (Enzyme Commission, mfumo wa kimataifa wa kuvipanga) yenye sehemu nne, na ya kwanza inakuambia kinafanya kazi gani: 1 huhamisha elektroni, 2 huhamisha kikundi cha atomu, 3 hukata kwa kutumia maji, 4 hukata bila maji, 5 hupanga upya molekuli ileile, 6 huunganisha kwa gharama ya nishati, mara nyingi ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli). Ya 7, wavushaji kwenye utando wa seli, iliongezwa 2018. Ndiyo maana vitabu vya zamani vinaishia 6.

Mimi iliniingia kwa bibi, Marangu, Kilimanjaro, kwenye mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi. Tafuna punje ya ulezi ulioota, kile kimea chenyewe kabla hakijasagwa: utamu unakuja taratibu. Hiyo ni amilesi, 3.2.1.1, imekata wanga kuwa sukari. Kisha chachu inaichukua sukari hiyo, na hatua mbili za mwisho ndizo tamu kwa mwanafunzi. Piruveti dikabokisilesi, 4.1.1.1, inang'oa kabonidayoksaidi (lile povu linalopanda kwenye pipa). Halafu alkoholi dihaidrojinesi, 1.1.1.1, inatoa kilevi chenyewe.

Pipa moja, makundi matatu. Bibi hajui EC, ila pipa likikaa kimya bila povu anajua mapema kuliko mimi.

Na jina lisikuhadae: katalesi, ile inayovunja haidrojeni peroksaidi, haimo kundi la 3 wala la 4. Ni 1.11.1.6.