Jinsi ya Kusikiliza Konseto ya Kisasa ya Piano na Okestra

Konseto ni utungo ambamo mpigaji mmoja hubeba dhima kuu huku okestra ikimsindikiza, ikimjibu na pengine ikimpinga. Anayekutana na konseto ya kisasa kwa mara ya kwanza huelekea kukata tamaa mapema, kwa kuwa hutega sikio akingoja wimbo ambao ataweza kuuimba baadaye, na wimbo huo hauji. Ushauri wangu ni kuuweka wimbo kando na kuanza na mapigo.

Chukua konseto ya piano ya György Ligeti, iliyotungwa kati ya 1985 na 1988. Ina sehemu tano na haifiki nusu saa. Si nyepesi, lakini humlipa msikilizaji mvumilivu kuliko nyingine nyingi ninazozijua.

Kabla ya kuifungulia, gonga meza kwa mikono yote miwili, ili katika muda ule ule mkono wa kulia ugonge mara tatu na wa kushoto mara mbili. Rudia polepole mpaka mikono iache kuvutana. Sehemu ya kwanza imejengwa juu ya mvutano huohuo: imeandikwa kwa vipimo viwili vinavyokwenda sambamba, 4/4 na 12/8, hivyo muda mmoja hugawanywa mara 8 na mara 12 kwa pamoja. Ligeti alivutiwa sana na muziki wa Afrika ya Kati uliorekodiwa na kuchunguzwa na Simha Arom, ambamo kila mpigaji hushika kipande chake kifupi, na vipande vinapofumana huzuka mdundo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga peke yake. Kwa hiyo usihangaike kuhesabu kila kitu. Shika uzi mmoja, tuseme mkono wa kulia wa mpiga piano, uufuate hadi ukuponyoke, kisha ushike mwingine.

Sehemu ya pili isikilize kwa vifaa vya masikioni, mahali penye utulivu, maana huanza kwa sauti ndogo sana. Filimbi ya pikolo, ambayo kwa kawaida hulia juu kabisa, hapa imeshushwa hadi chini ambako pumzi ya mpigaji karibu isikike kuliko noti yenyewe. Basuni, ambayo makazi yake ni chini, imepandishwa juu hadi sauti yake ikakonda. Piano imenyamaza. Tambua jinsi ala zote mbili zinavyolia mahali pasipo pake, kwani huzuni ya sehemu hii inatoka hapo hasa, na mstari unaoteremka kama maombolezo huizidisha.

Baada ya sehemu ya tatu, simamisha rekodi kwa muda na ujiulize kama unahisi kazi imekamilika. Sehemu tatu hizo ndizo zilizopigwa kwanza mjini Graz mwaka 1986, naye Ligeti alipozisikia aliona hazijafikia mwisho, akaongeza mbili. Konseto nzima ikapigwa Vienna mwezi Februari 1988. Ukishapata jibu lako, endelea na sehemu ya nne na ya tano bila kusimama, na usikilize kile alichoona kimepungua.