Kusoma masomo ya chuo ukiwa haiskuli: hatua za College Credit Plus kwa familia za Ohio

Mpango huu wa jimbo la Ohio ulianza mwaka wa masomo 2015–16. Mtoto wa darasa la 7 hadi la 12 anasoma somo la chuo, na alama yake inaandikwa haiskuli na chuoni kwa pamoja. Akienda chuo cha umma, familia hailipi ada wala vitabu. Kwa hiyo kinachowaacha watoto wetu nyuma mara nyingi si pesa. Ni tarehe zinazopita kimya, na fomu zinazofika nyumbani kwa Kiingereza.

1. Mkutano wa maelezo. Shule hufanya kati ya tarehe 1 Oktoba na 15 Februari. Piga simu mapema uombe mkalimani. Ni haki yako na hulipii. Usimgeuze mtoto kuwa mkalimani wa mambo yake mwenyewe.

2. Barua ya nia, yaani ya kuijulisha shule kwamba mtoto anataka kushiriki mwaka wa masomo unaofuata: mwisho tarehe 1 Aprili. Mzazi na mtoto mnatia sahihi. Barua haimfungi mtoto, akibadili mawazo hakuna adhabu, kwa hiyo ipeleke hata kama hamjaamua. Ukichelewa unahitaji idhini ya mwalimu mkuu, na anaweza kukataa. Baki na nakala yenye tarehe.

3. Maombi ya chuo na mtihani wa kupimwa. Hapa ndipo wengi hukata tamaa bure. Kwa mtihani wa ACT, ambao vyuo vingi hutumia kupima wanaoomba kuingia, viwango vya Ohio ni 18 kwa Kiingereza, 22 kwa hisabati na 22 kwa kusoma, lakini kufikia kiwango katika eneo moja kunatosha kufungua mlango. Mtoto aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi, Kiingereza bado kinamsumbua lakini hesabu anazimudu, aingie kwa hisabati. Asiambiwe asubiri mpaka amalize madarasa ya Kiingereza. Chuo bado kinahitaji pia kumkubali, kwa hiyo tumeni rekodi ya matokeo mapema.

4. Hesabu ya krediti, yaani kipimo cha uzito wa masomo ya chuo. Chukua 30, toa masomo ya haiskuli pekee mara 3. Mwenye masomo 4 ya haiskuli: 30 − 12 = krediti 18 kwa mwaka mzima. Mwaka huo unaanza na muhula wa kiangazi, jambo ambalo wengi husahau. Akichukua krediti 6 mwezi wa Juni, zimebaki 12. Krediti 15 za kwanza lazima zitoke kwenye orodha ya masomo ya msingi. Muhula wa kwanza mpeni somo moja, mawili yakizidi.

5. Fomu ya ridhaa na vitabu. Kuna fomu inayosema somo linaweza kuwa na mambo ya watu wazima. Isiposainiwa na mzazi na mtoto, hasajiliwi. Vitabu hutolewa na shule, na vinarudishwa.

6. Kuacha somo. Siku 14 za mwanzo anatoka bila alama. Baada ya hapo anaandikiwa W, alama ya kuacha somo, na haifutiki. W mbili katika muhula mmoja, au wastani wa chuo chini ya 2.0, vinamweka kwenye uangalizi na kumpunguzia masomo. Basi wiki ya pili mkague matokeo yake ya kwanza pamoja, kabla dirisha halijafungwa.

Maswali ya wazazi na wanafunzi

*Mama mzazi, Dayton: Shikamoo mwalimu. Akifeli, tutadaiwa?*

Marahaba mama. Shule inaweza kudai gharama, ila si kwa familia iliyoandikwa kuwa ya kipato kidogo. Angalia kama mmeandikwa kweli. Shule zinazowapa watoto wote chakula bure huenda hazijawahi kukuuliza kipato, kwa hiyo omba fomu ya kipato uijaze. Hata mkisamehewa fedha, F inabaki kwenye rekodi zote mbili.

*Baba, Columbus: Natoka kazini saa tano usiku, sina wa kumpeleka chuoni.*

Kaka, basi la shule kwa kawaida halifiki chuoni. Muulize mshauri wa shule masomo gani yanafundishwa ndani ya haiskuli yenyewe. Krediti ni zilezile. Ya mtandaoni yapo, lakini yanamwangusha anayeanza, kwa sababu hakuna anayemkumbusha kazi.

*Mwanafunzi, darasa la 11: Krediti zangu zitakubaliwa popote?*

Vyuo vikuu vya umma vya Ohio vinapokea masomo yaliyo kwenye orodha ya Ohio Transfer 36. Chuo binafsi au cha jimbo jingine kinaamua chenyewe, kwa hiyo waandikie kabla hujasajili. Jambo la pili: chuo utakachoenda baadaye kinaweza kuhesabu W na F zako kinapopima kama unastahili kuendelea kupata msaada wa fedha za masomo. Mdogo wangu, kama ratiba ina mpira, kazi ya jioni na kulea wadogo zako, chukua krediti 3 tu.