Kununua skana ya mtumba kwa negativu kubwa

Muuzaji atakutajia kwanza nukta kwa inchi: 4800, 6400, 9600. Ziache kando. Fungua mfuniko uone taa ya filamu, ile inayomulika negativu kutoka juu, ina upana gani. Skana ya Epson V600 ina ukanda mwembamba tu katikati. Filamu ya 120, yaani ya roli yenye picha za sentimita 6×6 au 6×9, inaenea, lakini shiti ya inchi 4×5, au kioo cha sentimita 9×12 kutoka studio ya zamani ya Iringa, hakienei. Kwa hizo tafuta Epson 4990, V700, V750, V800 au V850, ambazo taa zake zinafika inchi 8×10. Nikon Coolscan 9000 hutoa picha kali kuliko zote hizo, ila inaishia 6×9 na hutumia FireWire, tundu ambalo kompyuta mpakato za sasa hazina.

V700 imeandikwa nukta 6400 kwa inchi, lakini undani unaoupata kweli ni kama 2300. Si haba: shiti ya 4×5 kwa 2400 ni pikseli 9,600 kwa 12,000, faili la karibu MB 700 kwa rangi za biti 48.

Kabla ya kuchomeka, soma kibandiko cha nyuma. Skana iliyotoka Japani huweza kuwa ya volti 100, na umeme wetu wa volti 230 unaweza kuiunguza. Kagua pia waya unaounganisha mfuniko na mwili. Bila huo taa ya filamu haiwaki.

Nenda na kompyuta yenye VueScan (programu ya kuskani) na negativu moja unayojua ni kali. Skani kwanza kioo kitupu kwa hali ya filamu, kisha ongeza kontrasti. Mistari iliyonyooka kutoka juu hadi chini mara nyingi ni vumbi kwenye sehemu ya juu ya kioo, ambako skana hujipima mwanga kabla ya kuanza. Futa hapo, kisha urudie. Mistari ikibaki palepale, acha mashine hiyo. Ukungu mweupe ni utando upande wa chini wa kioo, kasoro ya kawaida ya V700. Husafishika kwa kufungua skrubu, kwa hiyo ni sababu ya kushusha bei, si ya kukimbia.

Sasa negativu, na hapa wengi huilaumu skana bure. V700 ina lenzi mbili: moja hulenga filamu iliyo kwenye fremu (kishikio cha plastiki cha filamu), kama milimita 3 juu ya kioo, nyingine hulenga kioo chenyewe. Ukichagua hali isiyo sahihi kwenye programu, picha inafifia hata kama mashine ni nzima. Fremu zikikosekana, punguza bei sana, kwani kuzipata peke yake ni kazi. Zikiwepo, jaribu vimo tofauti vya miguu ya fremu. Nusu milimita inaonekana. Kwa filamu ya fedha ya nyeusi na nyeupe zima kiondoa vumbi cha infraredi, kinachotafuta uchafu kwa mwanga usioonekana: fedha huzuia mwanga huo, na programu huidhani picha kuwa uchafu.

Ukinunua Dar, acha kichwa cha skana, sehemu inayotembea chini ya kioo, kirudi mwanzo, zima, funga kitasa cha usafiri kinachokizuia kichwa hicho, ndipo uipakie. Bila kitasa, matuta ya njiani na kona za Kitonga zitakiyumbisha kichwa hadi Mbeya. Ikifika Tukuyu au Makete, ifunike na uiweke mbali na ukuta wenye unyevu.