Kuhariri bayosi ya RX 580 ili ichimbe kwa umeme kidogo

Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyonitibu tamaa. RX 580 ya GB 8, kadi ya michoro ya AMD, ina memori ya MHz 2000 kwenye njia ya biti 256, na hiyo hutoa GB 256 kwa sekunde. Etchash, kanuni ya uchimbaji ya sarafu ya kidijitali ya Ethereum Classic, husoma memori mara 64 kwa kila heshi (jaribio moja la hesabu ya uchimbaji), baiti 128 kila mara. Jumla ni baiti 8192. Gawanya, utapata megaheshi 31 na ushee kwa sekunde. Hapo ndipo ukuta ulipo. Mtu akikuonyesha picha ya 33 kwa kasi hiyohiyo ya memori, usimwonee wivu.

Kadi ikiwa kama ilivyotoka kiwandani hutoa 22 hadi 24. Kinachopotea hapo katikati ni muda ambao memori inasubiri kati ya msomo na msomo. Tutaufupisha. Kisha tutashusha volteji ya kiini, ambacho kwa kazi hii kinakula umeme mwingi huku muda mrefu kimekaa kikingoja memori. Mafundi wengi huishia kwenye heshi, ila kwangu hela iko kwenye volteji. Ethereum yenyewe iliacha uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022, na tangu hapo mapato ya kadi hizi yamekonda. Piga hesabu ya LUKU yako kwanza. Ikikataa, acha rigi (kompyuta ya kuchimbia) imezimwa na usome haya kwa kujifunza tu.

Mwongozo huu ni wa familia ya Polaris: RX 470, 480, 570 na 580. Kuanzia Vega, familia iliyofuata, AMD wameweka ukaguzi wa saini na bayosi (programu ndogo ndani ya kadi inayoipangia kasi na volteji) iliyoguswa haikubaliki. Nvidia nao walifunga mlango huo tangu mfululizo wa GTX 10. Kama kadi yako bado ina garantii, jua kwamba unaiaga.

1. Itambue memori

Fungua programu ya GPU-Z usome mstari wa aina ya memori: Samsung, Hynix, Micron au Elpida. Fanya hivyo kwa kila kadi, hata kama zimetoka boksi moja. Niliwahi kununua kadi mbili zilizotumika, jina moja, feni zilezile, stika ileile. Nikahariri bayosi ya kwanza, nikaimimina (yaani nikaiandika) kwenye zote mbili. Ya kwanza ikapaa. Ya pili ikawasha skrini nyeusi, kwa sababu ndani mwake mlikuwa na Hynix wakati mwenzake ana Samsung. Usiku mzima niliupoteza kwa kutokusoma mstari mmoja.

2. Hifadhi bayosi ya asili

Fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike (amdvbflash ni programu ya kusoma na kuandika bayosi):

amdvbflash -i

Utaona orodha ya kadi na namba zake, kuanzia 0. Kisha:

amdvbflash -s 0 asili.rom

Nakili faili hilo kwenye flashi na kwenye simu. Lipe jina linaloeleweka, kwa mfano kadi1-samsung-asili. Ukishakuwa na kadi sita, "asili2-mpya-kweli.rom" halitakusaidia saa nane usiku.

Kagua pia ubavu wa kadi. Nyingi zina swichi ndogo ya bayosi mbili. Kama yako inayo, hariri upande mmoja tu, mwingine uache bikira.

3. Hariri taimingi

Fungua nakala ya faili kwenye Polaris BIOS Editor. Kulia utaona safu ndefu ya herufi na namba, kila moja ikitanguliwa na kasi: 1500, 1625, 1750, 2000. Hizo ndizo strapi, yaani seti za taimingi (subira za memori) kwa kila kasi. Strapi ya kasi ndogo ina subira fupi, na ya kasi kubwa ina subira ndefu, kwa sababu mtengenezaji alitaka usalama. Ujanja wote uko hapa: nakili strapi ya 1500 uibandike kwenye 1750 na 2000.

Angalia namba iliyo mbele ya nukta mbili. Ukiona 1:1500 na 2:1500, faili hilo linahudumia aina mbili za memori. Strapi za 1 zibaki na 1, za 2 na 2. Ukizichanganya utarudi kwenye skrini nyeusi niliyokusimulia.

Kuna kitufe kinachofanya yote haya kwa mbofyo mmoja. Kinafanya kazi, sikatai, lakini huchagua taimingi kali ambazo si kila memori inazistahimili. Mimi hubandika kwa mkono. Micron ikilalamika, najaribu strapi ya 1625 badala ya 1500.

4. Shusha kiini

Kwenye jedwali la kiini utakuta namba za ajabu kama 65284. Usishtuke, si milivolti. Ni alama inayoiambia kadi ijipangie volteji kulingana na ubora wa silikoni yake. Kwenye ngazi ya juu kabisa weka MHz 1150 na, badala ya alama hiyo, volteji yenyewe kwa milivolti: 900. Ngazi zilizo chini yake zisizidi hapo.

Kwa nini inaleta tofauti kubwa hivyo? Umeme wa kiini hupanda kwa kipeo cha pili cha volteji, ukizidishwa na kasi. Ukitoka milivolti 1150 na MHz 1340 kuja 900 na 1150, kiini kinabaki na karibu nusu ya ulaji wake, na heshi hazipungui kwa sababu memori ndiyo inayoamua. Kwenye mita yangu ya ukutani kila kadi ilishuka wati 40. Kwa siku hiyo ni karibu uniti moja. Kadi sita, uniti sita kasoro kidogo, kila siku.

Hifadhi faili kwa jina jipya. Programu hurekebisha yenyewe hesabu ya uhakiki iliyomo kwenye faili.

5. Imimine

Zima uchimbaji, hakikisha umeme hauko kwenye mgao, kisha:

amdvbflash -p 0 mpya.rom

Usiguse kitu mpaka imalize, halafu uwashe upya. Kwenye Windows draiva itaikataa kadi kwa sababu saini haifanani tena. Endesha atikmdag-patcher, programu inayoondoa ukaguzi huo wa draiva, kubali, washa upya tena. Kwenye Linux usumbufu huo haupo.

Ikigoma kabisa na ulihariri upande mmoja wa swichi, zima, hamisha swichi, washa, irudishe swichi mahali pake kompyuta ikiwa inawaka, kisha mimina faili la asili. Bila swichi, washa kompyuta kwa michoro iliyomo ndani ya prosesa au kwa kadi nyingine, uimimine iliyokufa kutoka hapo. Ikishindikana hata hivyo, tafuta fundi mwenye programa ya CH341A (kifaa cha kuandika chipu) na klipu ya kubana chipu. Mafundi wa simu wengi wanayo.

6. Pima, kisha pima tena

Heshi zinazoonekana kwenye skrini si ushahidi. Fungua HWiNFO64 uangalie mstari wa makosa ya memori ya kadi. Iache ichimbe nusu saa. Makosa yakiwa sifuri, vizuri. Yakipanda kwa mamia, shusha memori MHz 25 uanze upya. Yakiwa manne matano kwa saa mimi nayavumilia, ingawa rafiki yangu mmoja hataki hata moja.

Baada ya hapo iache saa 24, zikiwemo zile za mchana wa jua kali. Kadi iliyotulia usiku kwa nyuzi 62 inaweza kuanguka saa nane mchana. Ikianguka bila makosa ya memori, tatizo ni volteji: ongeza milivolti 25. Na kama risa zako (viunganishi vya kuitenga kadi na ubao mama) zinapata umeme kupitia plagi ya SATA, ziondoe leo. Plagi hiyo imepimwa kwa wati 54 kwenye njia ya volti 12, wakati nafasi ya kadi inaruhusiwa kuvuta hadi 75.

Kadi zangu zimetua kwenye megaheshi 29.5. Mbili zinaweza kufika 30.4, nikazirudisha chini kwa sababu shea (majibu ya uchimbaji yanayotumwa) zilizokataliwa zilikula ile faida. Nikishamaliza nakata kipande cha plasta ya karatasi, naandika kwa kalamu: Samsung, 2000, 1150, 900, na jina la faili la asili, nakibandika mgongoni mwa kadi.