SOMO: Kuunda rigi ya mbio za kompyuta kwa mbao za paini, na breki inayopima nguvu ya mguu

Wakuu, somo hili ni la rigi (fremu inayoshika kiti, usukani na pedeli za kuchezea mbio za magari) inayojengwa kwa vitu vya Mafinga, Iringa na Mbeya, bila kuagiza fremu ya alumini. Vipimo vinafaa usukani wa Logitech G29, G923 na nyingine za ukubwa huo. Wenye dairekti draivu (usukani uliofungwa moja kwa moja kwenye mota yake) wasome mpaka kwenye maswali.

Kabla ya kushika msumeno, elewa kwamba usukani hausumbui fremu kama breki. G29 inazungusha kwa Nm 2 hivi (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha), na mikono miwili inaimudu bila shida. Mguu ukikanyaga breki kisawasawa unasukuma kilo 30, 40 na zaidi, na mgongo unasukuma kiti nyuma kwa nguvu ileile. Kila breki inajaribu kutenganisha kiti na pedeli. Kwa hiyo kiti na pedeli vikae juu ya reli zilezile mbili. Pedeli zilizoegemea ukuta na kiti cha ofisi chenye magurudumu, hata ukivifunga kamba, havitakupa breki ileile mara mbili mfululizo.

Vifaa

Mbao za paini 2 kwa 4 za futi 12, tatu. Plaiwudi ya mm 18. Bolti za M10 zenye urefu wa mm 120, nane (ndizo za spana 17), kila moja na washa pana mbili. Bolti za M6 za usukani na pedeli. Engo (chuma cha umbo la L) ya mm 40 kwa 40 unene mm 3, ikatwe vipande vinane vya sm 8, kila bawa matundu mawili. Fundi wa kuchomelea atakutobolea hivyo kwa muda mfupi. Kiti cha gari kilichotumika, pamoja na reli zake za kusogeza.

Hatua ya 1: mbao

Hapa ndipo rigi nyingi za kwetu zinapoharibikia. Mbao ya paini inayotoka moja kwa moja kwenye msumeno, hasa ukinunua Mafinga, imejaa maji. Ukiifunga bolti leo, itasinyaa na nati zitabaki zinacheza, kisha utalaumu usukani. Mbao zilizopigwa dawa ya kijani nazo mara nyingi huuzwa zikiwa mbichi. Hizo ukizikata vaa barakoa, na makapi yake usichomee jikoni.

Panga mbao kivulini, juu ya vijiti ili hewa ipite kila upande. Kata kipande kidogo, kipime kwenye mizani ya jikoni kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, mbao ziko tayari. Kiangazi ni rahisi. Masika utasubiri sana, bora uzilaze ndani.

Hatua ya 2: kukata

Mbao ya kwanza: reli mbili za sm 150. Ya pili: nguzo mbili za sm 70 na viunganishi vinne vya sm 45. Ya tatu: mhimili wa meza ya usukani sm 65 na mishikio miwili ya mshazari ya sm 50. Kinachobaki weka kwa ajili ya stendi ya skrini.

Hatua ya 3: fremu

Simamisha reli kwa upande mwembamba. Weka viunganishi kati yake: kimoja nyuma kabisa, cha pili chini ya mbele ya kiti, cha tatu usawa wa nguzo, cha nne mbele kabisa, upande wa pili wa pedeli ukitazama kutoka kitini. Hicho cha nne ndicho kinachobeba breki, usikionee huruma. Kila kona funga engo kwa ndani. Usitegemee misumari iliyopigwa kwenye kichwa cha mbao: nyuzi za mbao hapo hazina mshiko, na inachomoka taratibu.

Nguzo zikae nje ya reli, kama sm 60 kutoka mbele, kila moja na bolti mbili za M10. Usizikate ziwe fupi mpaka umekaa kitini. Zibane kwa klampu, shika usukani, uone viwiko vimekunjika kidogo na mabega yameegemea kiti hata mikono ikiwa juu ya usukani. Hapo ndipo uweke alama. Mshikio wa mshazari unatoka kwenye reli kwenda kwenye nguzo; bila huo, meza itapunga kila ukikata kona.

Hatua ya 4: pedeli na usukani

Gundisha plaiwudi mbili upate ubao wa mm 36, sm 55 kwa 40. Uinue mbele kwa kabari, nyuzi 15 hadi 20, kisha uegemee kiunganishi cha nne. Breki ikifika mwisho, goti liwe bado limekunjika.

G29 ina matundu ya M6 chini ya usukani na chini ya pedeli. Pima kina cha tundu kwa njiti ya kiberiti, ongeza unene wa ubao na washa, ndipo ununue bolti. Ikiwa ndefu kupita kiasi itapasua plastiki ya ndani, na hutaona mpaka usukani uanze kucheza.

Hatua ya 5: breki

Breki ya G29 inapima umbali, na ndani yake kuna raba inayofanya mwisho uwe mgumu. Wengi hawafiki asilimia 100. Ukiitoa raba utafika, lakini breki inakuwa laini.

Suluhisho zuri zaidi ni seli ya mizani (chuma kinachopima nguvu kwa kupinda kidogo), ile ya umbo la mche, ya kilo 100. Bana upande mmoja tu, chini yake uache nafasi, na ncha huru ipokee msukumo wa pedeli kupitia raba ya bushi ya gari. Ukizibana ncha zote mbili haitapinda, na isipopinda haisomi chochote. Nyaya zinaingia HX711 (kibao kinachogeuza ishara ya seli kuwa namba), kisha Arduino Pro Micro (kibao kidogo kinachowekewa programu), ambayo kompyuta huiona kama joistiki. Arduino Uno haifanyi hivyo bila kubadilishiwa programu ya ndani. Namba zikishuka unapokanyaga, badilishana waya wa kijani na mweupe.

HX711 nyingi huja zikisoma mara 10 kwa sekunde. Ukiwa kwenye kilomita 200 kwa saa, gari linakwenda zaidi ya mita 5 kabla ya usomaji mwingine. Inua pini ya 15 ya chipu yake iunganishwe na VCC (umeme chanya wa kibao), zitapanda hadi mara 80.

MASWALI

*Mkuu, milingoti imejaa huku Njombe. Siwezi kuitumia badala ya paini?*
Unaweza, ni migumu zaidi. Lakini ikikauka hupinda na kupasuka vibaya. Ikaushe kwanza, ndipo uikate kwa vipimo. Na utoboe kabla ya kuweka skurubu.

*Nina kiti cha gari chenye plagi ya njano chini. Ni ya nini?*
Hiyo kwa kawaida ni ya airbag ya pembeni. Usiiguse kwa tester wala betri. Mrudishie muuzaji, chukua kiti kisicho nayo. Viti vya umeme pia achana navyo, ni vizito bure.

*Seli za mizani ya bafuni zinafaa?*
Zinafaa, ila kila moja ina nyaya tatu na ni nusu ya saketi. Unahitaji mbili au nne kuikamilisha. Ya mche ina nyaya nne, haina usumbufu.

*Usukani unajizima nikigonga ukingo wa njia.*
Toa habu ya USB, chomeka USB nyuma ya kompyuta moja kwa moja. Kisha kwenye Windows zima mpangilio wa kupunguza umeme wa USB. Angalia pia plagi ya adapta: mtikisiko ukiilegeza, usukani unakosa nguvu.

*Skrini ya inchi 24, FOV (pembe ya kuona ndani ya mchezo) niweke ngapi?*
Upana wake ni sm 53, kimo sm 30. Ikiwa sm 60 kutoka machoni, ya mlalo ni nyuzi 48, ya wima 28. Mchezo wa Assetto Corsa unataka ya wima. Mwanzoni utahisi unachungulia dirishani. Isogeze skrini karibu, usiongeze namba.

*Nina dairekti draivu ya Nm 8. Mbao zitahimili?*
Reli na kiti ndiyo. Meza ya usukani hapana: badilisha nguzo na mhimili kwa bomba la mraba la mm 40, unene mm 2, vichomelewe kwenye bamba la mm 5. Bamba litobolewe baada ya kuchomelewa, maana joto hulipinda kidogo na matundu ya usukani yaliyotobolewa mapema hayatalingana tena.

*Breki ya seli nimeunganisha PlayStation, haionekani.*
Hiyo ni ya kompyuta tu. Kwenye PlayStation baki na pedeli za G29 zilizochomekwa kwenye usukani wenyewe, na ubadilishe raba pekee.